Kikundi chetu cha dua na choo chenye kufuli: tuende mkutano wa kijiji au tubaki kusali?

Mama wa Vichanja

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu ndani, leo nina jambo langu.

Ninaanika dagaa, upande wa Sengerema, kwenye mwalo (ufuko wa Ziwa Victoria ambako samaki hushushwa) ambao sitautaja maana humu mnajuana. Tuna kikundi cha akina mama, hakina jina wala mwenyekiti. Kilianza mwenzetu alipofiwa na mume ziwani. Tukawa tunakwenda kwake Alhamisi jioni, dagaa wakishatolewa kwenye vichanja na kufunikwa turubai. Kila mtu alikuja na dini yake: Wakatoliki na rozari zao, watu wa AIC (Africa Inland Church), Wasabato, Waislamu, na bibi mmoja ambaye hana kanisa wala msikiti, yeye humwaga maji kidogo chini kwanza ndipo akae. Mwanzoni ilikuwa vurugu. Mmoja akianza kukemea mapepo kwa sauti, wengine wanatazamana. Mwisho tukakubaliana kila mtu asali kimya kwa namna yake, kisha mwenye la kusema aseme, na asijibiwe. Hakuna kumshauri, hakuna kumsomea mstari. Anasikilizwa, basi. Nyie, mtu ukishamsikiliza hivyo miezi kadhaa, hata kumsengenya kunakushinda.

Sasa jambo lenyewe. Mwaloni kwetu kuna choo, kimejengwa kwa fedha za umma, kimepakwa rangi vizuri, na kina kufuli. Ukiuliza ufunguo, kila siku uko kwa mtu mwingine. Kwa hiyo watu wanaishia kwenye mawe na matete. Ushuru wa kila gunia tunalipa, na risiti inatoka kwenye mashine palepale.

Mwaka huu mwenzetu mmoja alitapika damu, beseni zima, mbele ya watoto. Hospitali wakasema ni kichocho cha tumbo kilichokaa miaka. Tukamwombea mno. Kisha nesi mmoja akatukalisha akatufafanulia: mayai ya kichocho hutoka na kinyesi cha mgonjwa, yakifika majini yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinazaliana humo, halafu vinatoka vikimtafuta mtu aliyesimama majini. Vinapenya kwenye ngozi nzima, hata kama huna kidonda. Ukimeza prazikwanteli minyoo inakufa, ila ukirudi majini kesho unaambukizwa upya. Mimi ninasimama majini kila siku. Hapo ndipo nilipoona tunaombea matumbo ya watu huku kufuli tunaipita asubuhi na jioni.

Alhamisi iliyofuata mmoja wetu akasema tulipeleke hili mkutano mkuu wa kijiji. Balaa! Wengine wanasema siasa ni mchezo mchafu, tukiiingiza hapa roho itaondoka. Mchungaji wa dada mmoja keshamwambia atoke kikundini. Na kama vile hayatoshi, kuna mheshimiwa kapata habari zetu, katuletea vitenge vyenye rangi ya chama chake, anataka tupige picha naye.

Naomba mawazo. Tufanyeje tuliseme hili bila kuwa tawi la mtu?

Mtumwa wa Bwana

Dada yangu, ya Kaisari mpe Kaisari. Ombeni, Mungu atamgusa mwenye ufunguo.

Kijana wa Nyegezi

Mkuu hapo juu, Mungu amekwisha kuwagusa hao akina mama, ndiyo maana wanauliza.

Mama, shikamoo. Kuna kisa nimekisoma chuoni. Montgomery, Marekani, Desemba 1955, watu weusi waligoma kupanda mabasi ya jiji kwa sababu ya ubaguzi wa viti. Mgomo ulipita mwaka mzima, na mikutano yao ilikuwa makanisani usiku. Wanaimba, wanasali, mchungaji Martin Luther King anahubiri, halafu jioni hiyohiyo wanapangana nani ana gari, nani atambeba nani kesho kwenda kazini. Orodha ya magari ilikuwa ndani ya ibada. Sioni kwa nini hoja ya choo isikae ndani ya Alhamisi yenu.

Mchokonozi

Mimi nitaharibu sherehe kidogo, mnisamehe.

Mnazungumza kama vile kila kitu cha kiroho kikiingia kwenye mambo ya umma kinaleta heri. Sisi ni watu wa Kanda ya Ziwa, tusijifanye tumesahau. Ni wangapi hapa wamezika bibi aliyekatwa mapanga kwa sababu ana macho mekundu? Yale macho ni moshi. Mtu kapikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kwenye kibanda kisicho na dirisha miaka hamsini, macho yasiwe mekundu? Mpiga ramli akasema ni mchawi, kijiji kikakubali. Ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kwa imani hizohizo, hadi serikali mwaka 2015 ikapiga marufuku wapiga ramli. Hata sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijiji, walipoanza huku Usukumani miaka ya themanini mwanzoni, walikuwa na dawa zao na viapo vyao. Wizi wa ng'ombe waliupunguza kweli. Lakini waulize wazee ni akina mama wangapi walifukuzwa vijijini kwa tuhuma za uchawi tu.

Kwa hiyo swali langu kwa mama: siku mmoja wenu atakaposema kwamba Mungu amemwonyesha usiku nani kaficha ufunguo, mtafanyaje?

Mama wa Vichanja

Mchokonozi, hujaharibu kitu. Umegusa penyewe.

Yule bibi wa kumwaga maji ana macho mekundu. Ni moshi, kama ulivyosema, amekaanga samaki maisha yake yote. Walikuwepo wanaomnong'ona hapa kijijini. Tangu aanze kukaa nasi wamenyamaza, maana wake zao na mama zao wamemsikia akisimulia watoto wake aliowazika. Nadhani hiyo ni siasa pia, ila hatukuiita hivyo.

Kuhusu maono: mtu akiota, aseme ameota, tutamsikiliza kama tunavyosikiliza kila mtu. Lakini jina la mtu halitoki pale kwa sababu ya ndoto. Hilo nitaliomba Alhamisi liwe sharti, na kama wengine watakataa mimi ndiye nitakayetoka.

Pamba Nyeupe

Wanangu, mimi ni mzee wa Magu. Nitasema ya mizani.

Baba yangu alilima pamba wakati wa mkoloni. Unapeleka mzigo kwa mnunuzi, mizani ni yake, kalamu ni yake, wewe unaambiwa kilo na kupewa hela. Wakulima walijua wanapunjwa. Waliomba sana, Wakristo na wale wa mizimu, na kupunjwa kukabaki palepale. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini wakaanza kuchangishana na kuweka mtu wao asimame kwenye mizani pembeni ya mnunuzi, asome uzito kwa sauti. Basi. Hakuwa na bunduki wala cheo. Kazi yake ilikuwa kusoma namba watu wasikie.

Kutokana na vikundi hivyo ndipo vikaja vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wao mkubwa hapa Mwanza, Victoria Federation, Paul Bomani akiwa mbele. Huyu Bomani alikuwa mtoto wa mhubiri wa Kisabato, baadaye akawa waziri wa fedha. Lakini kwenye ushirika hakuna aliyeulizwa anasali Jumamosi au Jumapili. Na kumbukeni, TANU, chama kilichodai uhuru, ilinyimwa usajili huku Usukumani tangu 1954 hadi 1958. Watu hawakuwa na chama cha siasa kilichoruhusiwa, walikuwa na mizani, na kupitia mizani wakajifunza kukaa kikao, kuchagua, kuuliza hesabu.

Kwa huyo wa Kaisari: Mwalimu Nyerere alikuwa mtu wa misa kila siku, na kanisa lake limefungua mchakato wa kumtangaza mtakatifu. Ndiye huyohuyo aliyesisitiza kwamba serikali haina dini. Katiba yetu ibara ya 3 inasema hivyo, na ibara ya 20 inazuia chama cha siasa kilichojengwa juu ya dini. Mimi ninaona ni ulinzi hata kwa sala yenu, binti yangu. Chama kikiwa na dini, yule bibi wa maji utamweka wapi?

Nendeni mkasome namba kwa sauti. Ushuru umekusanywa kiasi gani, na kiasi gani kimerudi mwaloni. Msimtuhumu mtu.

Mstaafu wa Kata

Mzee wa Magu kasema vizuri. Mimi nilikuwa mtendaji, niwape njia.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Yupo mtendaji anayeukwepa, lakini sheria ya serikali za mitaa namba 7 ya 1982 iko wazi. Msisubiri "mengineyo", kwenye mengineyo watu wana njaa, wanaondoka. Andikeni barua kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba choo cha mwalo kiwe ajenda, nakala kwa mtendaji wa kata. Kijiji kina kamati ya huduma za jamii, ulizeni nani yuko humo, mkamwone kabla ya mkutano. Zungumzeni na BMU pia, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo, maana wavuvi nao wanakanyaga maji yaleyale.

Ushuru wa dagaa unaingia halmashauri ya wilaya, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji atawaambia hana majibu, na huenda anasema kweli. Hapo mnamwomba diwani aje. Ombi lenu liwe dogo na lipimike: ufunguo ukae kwa nani, saa ngapi kufungua, nani analipwa kusafisha. Mkienda na "tunataka maendeleo" mtapigiwa makofi mrudi nyumbani.

Barua iandikwe kwa majina ya wakazi, siyo kwa jina la kikundi cha dua. Atakayekataa kusaini asisaini, na Alhamisi aje kama kawaida. Na mkiipeleka, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hamkuandika kitu.

Kijana wa Nyegezi

Mstaafu, muhuri! Nimecheka, ila ni kweli.

Mama wa Vichanja

Wabeja sana, wazee wangu. Leo Alhamisi nimewasomea yote haya kwenye simu, hata la Mchokonozi. Sharti la ndoto limepita. Yule dada aliyeambiwa na mchungaji wake atoke amesema hatasaini, ila atatushikia watoto siku ya mkutano, na amekuja na maandazi. Bibi hajui kuandika, ataweka dole gumba, kaomba awe wa kwanza.

Tumeandika maneno matatu ya Mstaafu: ufunguo, saa, msafishaji. Barua naipeleka Jumatatu nikishatoka Kirumba kuuza mzigo.

Limebaki la vitenge. Viko kwa mwenzetu ndani ya mfuko, hakuna aliyeshona. Mwenye njia ya kuvirudisha bila kumtia mheshimiwa aibu aniambie mapema, nasikia Jumamosi anakuja na mpiga picha.

Mstaafu wa Kata

Virudisheni kesho asubuhi, watu wawili, Mkristo na Mwislamu, na mwambieni mnamkaribisha mkutanoni kama mkazi. Msikubali chai.