Mlioingia ukumbi wa Prestige Nairobi 2018 kuona Rafiki, watu walikuwa wanacheka ama?

Kijana_wa_Ngara

Wasee habari zenu, niko na swali na tafadhali sitaki vita hapa. 2018 wakati Rafiki, ile sinema ya Kenya ya wasichana wawili wanaopendana iliyokuwa imefungiwa, ilifunguliwa kwa ile wiki moja mimi nilikuwa fom two huko bodingi, kitu tuliskia tu ni mwalimu wa zamu akitupigia kelele kwa paredi ati kuna sinema chafu Nairobi, tukarudi darasani ikaishia hapo. Sasa Jumamosi iliyopita ndio nimeiona mara ya kwanza.

Tulikuwa watu sita kwa beste yangu Pangani, mmoja alikuja nayo kwa flashi tukachomeka kwa tivi. Mwanzo kila mtu yuko sawa, tunabishana hiyo ni esteti gani, huyu anasema Eastlands, yule anasema Eastlands haijawahi kuwa na rangi hivyo. Baba ya Kena na baba ya Ziki, wale wasichana wawili, wanawania kiti kimoja cha MCA, mwakilishi wa wadi, hapo tulicheka sana juu kila mtu anajua mtu kama huyo wa kugawa fulana. Ikafika pale watu wa mtaa wanawafumania wale wasichana kwa ile gari mzee wanawatoa nje wanawapiga, na hapo binamu yangu akaanza kucheka. Sio kucheka kidogo, alicheka mpaka akakohoa. Dem ya beste yangu akasimamisha muvi akamuuliza kinachekesha ni nini, jamaa akasema "aki sijui", akachukua jaketi akatoka na mvua inanyesha. Mpaka leo hawaongei.

Sasa nauliza nyinyi mlioiona kwa ukumbi na watu wengi, pale kwa kupigwa kuna mtu alicheka? Ama ni binamu yangu tu ako na shida.

AchiengMadaraka

Mimi niliingia, Jumatano, nilimwambia bosi naenda kung'oa jino. Na nilikuwa naogopa bana, usione watu wanajigamba leo. Korti ilikuwa imefungua Ijumaa, jaji Okwany alisema haoni kama Kenya ni nchi dhaifu hivyo ya kutikiswa na sinema moja, sijamnukuu neno kwa neno lakini maana ndio hiyo, siku saba tu na watu wazima tu. Kwa hivyo hakuna mtu alikuwa na muda wa kufikiria, ukichelewa imefungwa tena. Foleni ilikuwa imejikunja. Nyuma yangu kulikuwa na mzee amevaa suti ya kanisani anaambia mtu kwa simu yuko kwa benki. Nikasema wacha, kumbe tumedanganya wengi.

Ndani sasa. Watu walicheka SANA lakini nusu ya kwanza. Mama Atim wa kibanda akifungua mdomo tu ukumbi umeanguka, juu hakuna mtaa hauna Mama Atim, mimi wetu alikuwa anauza samaki na alikuwa anajua siku zangu za mwezi kuliko mimi. Blacksta, beste ya Kena, pia alichekesha. Halafu kukafika kile kibusu cha kwanza, na hapo nakwambia nilisikia kila sauti binadamu anaweza kutoa, kuna mtu alipiga kigelegele, kuna mwingine alisema "yesu!" na sijui kama alikuwa anaomba ama anashangilia, wasichana mbele yangu walishikana mikono na mmoja akaangalia nyuma haraka haraka kama mtu anavuka barabara.

Pale kwa kupigwa hakuna mtu alicheka. Ama sijui, labda kuna mtu alicheka kwa tumbo. Ilikuwa kimya mpaka unasikia mashini ya baridi. Nilikuwa nimeshika karatasi ya popkoni na nikaogopa kuisogeza isipige kelele. Nyuma yangu mtu alikuwa anavuta kamasi, sikugeuka, nilihisi nikigeuka nitakuwa nimemvua nguo.

Mwisho walipiga makofi. Halafu taa zikawaka na hiyo ndio sehemu siwezi sahau, watu wote walinyamaza tena wakaanza kutoka kama watu hawajuani. Nilipanda 111 pale nje na yule msichana aliyegeuka alikuwa kiti cha mbele, tukaangaliana mara moja akaangalia dirisha. Tiketi nilikunja nikaificha nyuma ya kava ya simu, ilikaa hapo mpaka wino ukafutika.

Binamu yako simjui lakini kumbuka alikuwa kwa siting rumu ya watu taa zimewaka. Sisi tulikuwa gizani.

Baba_Wawili

Mimi nitaongea ukweli mnitukane. Mimi ni Mkristo na watoto wawili, sikuona hiyo sinema na sitaona. Sheria ya Kenya iko wazi, kifungu cha 162 kinasema miaka 14 jela kwa ngono kinyume na maumbile, na korti kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Bodi ya filamu iliyoifungia ilifanya kazi yake. Lakini pia nitasema hii, yule aliyekuwa mkubwa wa bodi wakati huo Ezekiel Mutua ndiye aliuza hiyo muvi kuliko posta yoyote, alikuwa kwa redio kila asubuhi mpaka mama yangu huko Murang'a akaniuliza kwa simu hiyo Rafiki inaonyeshwa wapi. Mama yangu! Hajawahi ingia sinema tangu azaliwe.

Kuhusu kucheka, kijana usimhukumu ndugu yako. Sisi tunacheka hata matangani. Nilicheka kwa mazishi ya babangu wakati jeneza lilikwama, na nilimpenda babangu.

AchiengMadaraka

@Baba_Wawili kwa hiyo ya mazishi nakushika mkono. Hiyo ingine tutaongea siku ingine.

Mzee_wa_Kanda

Vijana wangu hamjambo. Mimi nilikuwa na duka la muvi na kibanda cha video Huruma kutoka enzi za kanda mpaka sidii, nimeona watu wakiangalia sinema kuliko sinema zenyewe nilizoangalia, kwa sababu mwenye kibanda hukaa kando ya tivi akiangalia watu wasije wakaiba betri.

Sasa hii si mara ya kwanza. 2006 ilikuja ile ya makauboi, Brokeback Mountain. Wateja walisikia kwa habari kwamba imetajwa mara 8 kwa Oscar, wakaona kava wanaume wawili na kofia, wakasema hiyo ni ya bunduki. Hata mimi nilidhani ni ya bunduki, sitawadanganya. Nikaandika kwa ubao nje KAUBOI MPYA, shilingi kumi, benchi zikajaa, wengine wamesimama.

Dakika za kwanza watu walikuwa wanangoja Wahindi wekundu. Wanaona kondoo. Mmoja akasema "hii ni ya kilimo?" Halafu ikafika usiku ule wa hema. Weeeh. Walipiga mluzi, wakatupa maganda ya njugu kwa tivi, wengine kumi na zaidi wakatoka nje wakidai pesa yao, na nilirudisha kwa sababu kibanda kilikuwa cha mbao na mimi ni mtu wa mahesabu. Lakini sasa sikiza. Waliobaki walikuwa wengi kuliko waliotoka. Na walikuwa wanacheka mwanzo mwisho, kila yule Heath Ledger akinyamaza wanacheka, kila akiangalia mlima wanacheka. Mpaka pale mwisho anapofungua kabati kuna yale mashati mawili, moja ndani ya lingine. Hapo hawakucheka. Hakuna aliyesema kitu, halafu mmoja akapiga kelele "weka ya Jet Li!" na wote wakaungana naye weka ya Jet Li, weka ya Jet Li, kama mtu ameamshwa usingizini anatafuta slipa.

Kwa kibanda hakuna mwanamume anaweza kulia. Amekaa kwa benchi moja na fundi wake, na mdeni wake, na yule watakutana naye kesho kwa mjengo. Akitoa sauti ingine yoyote mbali na kicheko hiyo sauti itamfuata mwaka mzima. Kwa hivyo binti yangu Achieng ameongea vizuri hapo kwa giza. Prestige mlikuwa watu mmechagua kuja, na hamjuani. Kwangu walikuja kuona bunduki na wanajuana mpaka majina ya mbwa.

Na niwachekeshe kidogo. 2008 ikaja ile ya Batman yenye Joker, watu wakaipenda kufa, wiki tatu nairudia hiyo moja. Walewale walionitupia maganda wakawa wanaiga ile sauti ya Joker mtaani. Nikawaambia jamani huyo ndiye yule kauboi wa hema. Walikataa kabisa! Mmoja aliniambia mzee umezeeka macho. Nikaleta kava zote mbili nikaweka kidole kwa jina, akasema majina yanafanana tu.

shosh_digital

😂😂 majina yanafanana. Mzee naomba ufungue tena kibanda.

Karani_mstaafu

Nirekebishe tu mambo mawili kabla watu waseme vile hawajui. Zile siku saba hazikuwa za huruma. Wanuri Kahiu, mwenye kuitengeneza, alienda korti kwa sababu sinema ya kupelekwa Oscar ile kategoria ya nchi za nje lazima ionyeshwe nyumbani siku saba mfululizo, ndio maana ikawa wiki moja. Na baada ya hayo yote Kenya ikapeleka sinema ingine, Supa Modo. Ambayo ni nzuri, sina ubaya nayo, mimi hulia kila nikiiona.

Ya pili, watu husema hii hadithi ni ya wazungu. Imetoka kwa hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, Mganda, inaitwa Jambula Tree, ilipata tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Afrika, 2007, na mambo yake yako kwa esteti ya Nakawa Kampala. Majirani wambea, mama anaona kila kitu, yote yalikuwa humo kabla sinema. Kwa hivyo yule anacheka Mama Atim anacheka mtu ametoka Kampala na basi la usiku.

Na kitu kingine watu hupita haraka, ni ule mwisho wa sinema. Kahiu mwenyewe alisema waliambiwa wabadilishe mwisho, juu una matumaini. Ukifikiria vizuri hapo ndio ubishi wote uko. Brokeback mmoja anakufa na mwingine anabaki na shati, hiyo watu wanaweza kuvumilia, wanasema ona sasa, si tulisema. Rafiki wasichana wanapigwa na watu wa mtaa, na sijasikia bodi ikisema toa ile ya kupigwa. Kilichowauma ni mkono tu kwa bega mwishoni. Korti Aprili 2020 ikasema bodi ilikuwa sawa kufungia.

Baba_Wawili

Karani hapo kwa kupigwa umenigusa, sitakataa. Mimi sitaki hayo mambo yafundishwe lakini pia mimi sitaki mtoto wa mtu apigwe na umati. Tumeona umati hapa Nairobi, leo ni mwizi wa kuku kesho ni mtu amefananishwa.

Mzee_wa_Kanda

Umesema kweli. Na mara nyingine wanaopiga pia huwa wanacheka, hiyo nimeona kwa macho yangu kwa steji na sitaki kuiandika.

AchiengMadaraka

Kijana umepotea, ulituwashia moto ukaenda. Binamu yako anaendelea aje?

Kijana_wa_Ngara

Niko, nilikuwa job. Nimesoma zote, asanteni sana na hata wewe Baba Wawili.

Jana nilimpigia. Sikumwambia habari ya hapa juu angenimaliza. Nikamuuliza tu mbona ulicheka bro, akanyamaza, nikaskia anafunga mlango. Akasema huko walikuwa wanaishi zamani kuna kijana alikuwa anasukwa nywele, wakamfanya vile, na yeye alikuwa hapo, alikuwa darasa la saba. Nikauliza ulifanya nini akasema nilikuwa hapo tu si nimekwambia. Halafu akaanza kuongea mambo ya Arsenal, tukaongea Arsenal kama dakika kumi.

Wakati nataka kukata akaniuliza, na hiyo muvi iliisha aje, walikufa? Nikamwambia hapana, hawakufa. Akasema aa. Nikamwambia akuje Jumamosi amalizie, flashi bado iko, na dem ya beste yangu nitaongea naye. Akasema hii wiki ako na shifti ya usiku, ataona.