Naomba ushauri: bei moja ya maji kwa skimu mbili, ni haki?

Habari zenu wakuu. Niko kwenye kamati ya jumuiya ya watumia maji huku Magu, Mwanza. Tunasimamia skimu mbili, yaani miradi miwili ya maji. Skimu ya kisima inaendeshwa na sola. Ile ya ziwani inakula dizeli na klorini. Tukitoza bei moja, wa kisimani wanalalamika kwamba wanawabeba wenzao. Tukitenganisha, kina mama wa ziwani wanaona ndoo ni ghali, wanarudi kuchota ziwani, na kipindupindu tunakijua. Tumewasomea mapato na matumizi mkutanoni, bado wamegawanyika. Mimi naona hata sola si bure, maana pampu na inveta (kifaa cha kubadili umeme wa sola uendeshe pampu) zitakufa tu.

Je, fedha ya kubadilisha pampu tuiingize kwenye bei tangu sasa? Na waliounganisha skimu zenye gharama tofauti, mlipangaje bei ya ndoo?