Wauza kadi za PLC wa Dar, hivi sisi wa Kigoma mnatuonaje?

Wakuu, mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa simu feki, haya ni mambo ya viwandani.

Niko Kigoma, fundi umeme kwenye kiwanda cha mawese na sabuni. Mtambo wetu unaendeshwa na PLC (kompyuta ya kuongozea mitambo) ya Siemens, S7-300, CPU 315-2 DP. Ya zamani ndiyo, lakini inapiga kazi. Tatizo lake ni moja, haina tundu la Etheneti, yaani la waya wa netiweki wa kawaida. Ina MPI na Profibus basi, njia za mawasiliano za viwandani, na hiyo MPI ni kilobiti 187.5 kwa sekunde, unachomeka laptopu palepale kwenye paneli. Bosi anataka joto la matangi na la boila alione akiwa ofisini. Dawa yake inajulikana: unaongeza kadi ya Etheneti, CP 343-1, unavuta waya wa netiweki, kwisha habari.

Nikaagiza kwa muuzaji mmoja wa Dar. Namba ya kadi nimemwandikia, picha ya reki (fremu inayobeba kadi) nimemtumia, profoma inasema CP 343-1, mpya. Pesa ikalipwa yote kabla, maana ukiwa mwisho wa reli hakuna wa kukukopesha hata skrubu. Kifurushi kikaja kwa basi. Nafungua: CP 343-5! Hiyo ni ya Profibus, tundu la pini 9, kwa ile kebo ya zambarau. Etheneti humo hamna. Nampigia, ananijibu, "Fundi, kwani zote si za mawasiliano?" Kwa hiyo mtu akitaka tairi la lori umpelekee la baiskeli kwa vile yote yanazunguka?

Ya pili ikaja baada ya kelele nyingi, na nauli ya kurudisha ile ya kwanza juu yetu. Hii kweli ni 343-1. Lakini haina kile kiunganishi cha nyuma chenye umbo la U, kinachoishika na kadi ya jirani. Anayeijua S7-300 anajua kadi mpya inakuja nacho ndani ya boksi. Yeye anadai kinauzwa kivyake! Nikachomoa cha kadi mbovu iliyokuwa stoo, nikafunga, nikaitafuta kwa STEP 7, programu ya Siemens ya laptopu. Sasa sikilizeni. Kadi mpya toka kiwandani haina IP (anwani ya netiweki), inajitambulisha kwa MAC tu (namba yake ya kiwandani), IP unaipa wewe. Hii imejitokeza na IP yake tayari, na MAC ya kwenye skrini siyo iliyobandikwa usoni mwa kadi. Nikaimulika na tochi: stika juu ya stika, ukucha unaingia kabisa. Muda si mrefu taa nyekundu ya SF, ya hitilafu, ikawaka, na ndiyo imewaka moja kwa moja.

Siemens wenyewe walianza kuiondoa S7-300 sokoni Oktoba 2023, vipuri wameahidi mpaka 2033. Kwa hiyo mitumba itakuwepo tele, na mimi sina ugomvi na mtumba. Sema ni mtumba, weka bei ya mtumba, nitanunua.

Na jamaa bado ana mdomo wa kunishauri: "Achana na hiyo, chukua S7-1500 mpya nzima, nitakufanyia bei." CPU nzima, kadi za kuingiza na kutoa ishara nzima, nitupe reki yote kwa sababu kadi moja umeniuzia mbovu? Programu yetu imeandikwa kwa STL, lugha ya maandishi ya PLC za Siemens, kuihamisha ni kusimamisha uzalishaji na kujaribu vali moja moja upya. Hiyo gharama hamuitaji mnapotoa ofa zenu.

Risiti ya EFD nayo naidai mpaka leo, kila siku "mashine ina shida ya mtandao". Bila risiti, hata nikienda Tume ya Ushindani naanzia wapi? Wanajua wanachofanya hawa.

Jina lake siliweki, mods watafuta uzi. Anajijua, na humu yumo. Pesa irudi.

Mwenye CP 343-1 iliyotolewa kwenye mtambo, inayojibu ping kwenye netiweki, anayekiri ni mtumba, aje PM na picha ya usoni na ya nyuma. Kiunganishi ninacho.