Tupeane uzoefu: kuwasilisha ritani ya kodi Marekani ukiwa mgeni

Mpwa wa Iringa (Ohio):
Salaam ndugu zangu. Nimepokea kutoka chuoni fomu ya W-2, inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, kwa kuwa mwaka 2025 ndio uliokuwa mwaka wangu wa kwanza kulipwa nikiwa msaidizi wa utafiti, na katika nyumba tunayopanga umezuka ubishi ulionileta hapa. Ninaishi na mwenzangu kutoka India. Tunafanya kazi katika maabara moja, tunalipwa sawa, na sote tuna viza ya F-1. Yeye amejaza fomu yake ya 1040-NR, ritani ya wasio wakazi, akapunguza kipato chake kwa makato ya kawaida ya dola 15,750, nami nilipotaka kufanya vivyo hivyo programu ikanikatalia. Nimeelezwa kwamba India ina mkataba wa kodi na Marekani unaowapa wanafunzi wake haki hiyo, ilhali Tanzania haina mkataba wowote wa namna hiyo. Waliopita njia hii watueleze waliyoyaona, hasa waliokuja wakiwa wanafunzi.

Nyota ya Lamu (Georgia):
Si Tanzania peke yake, mdogo wangu. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote hazina. Katika Afrika nzima wenye mkataba wa kodi na Marekani ni Misri, Moroko, Tunisia na Afrika Kusini. Nami niliumia hivyo hivyo.

Muuguzi wa Lowell:
Umenikumbusha mbali sana. Mimi kilichoniumiza hakikuwa makato ya kawaida bali fedha ambazo hazikupaswa kukatwa hata kidogo. Nilipohitimu niliajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee kwa kile kibali cha mwaka mmoja cha mafunzo ya kazi, nikiwa bado na hadhi ya F-1, na kila hundi ya mshahara ilikatwa asilimia 6.2 ya Social Security, yaani pensheni, na asilimia 1.45 ya Medicare, bima ya afya ya wazee. Mwanafunzi mwenye viza hiyo, maadamu kwa sheria ya kodi bado anahesabiwa kuwa si mkazi, amesamehewa michango hiyo miwili. Nilimweleza hivyo karani wa mishahara, naye akanitazama kama mtu anayetaka kukwepa kodi, akasema kila mtu hapa hukatwa. Utaratibu unataka umwombe kwanza mwajiri akurudishie; akikataa, ndipo unajaza fomu 843 pamoja na fomu 8316, unaambatisha W-2, nakala ya viza na kibali cha kazi, kisha unapeleka kwa posta, kwa sababu madai hayo hayapokelewi pamoja na ritani ya kawaida. Nilisubiri hadi nikakata tamaa, na fedha zikaja nilipokuwa nimekwisha kuzisahau. Zilikuwa zaidi ya dola elfu mbili.

Jambo lingine, Mpwa wa Iringa: hesabu miaka yako vizuri. Ukazi wa kodi huamuliwa kwa siku ulizokaa Marekani, na mwanafunzi husamehewa kuhesabiwa siku zake kwa miaka mitano ya kalenda, si miaka mitano tangu alipotua. Mwenzangu mmoja alishuka uwanja wa ndege tarehe 28 Desemba 2019, na zile siku chache za baridi zikamlia mwaka mzima, kwa hiyo tangu Januari 2024 alianza kuhesabiwa kama watu wengine.

Mtoto wa Makorora (Maryland):
Dada Muuguzi, hesabu yenyewe ya siku ikoje?

Muuguzi wa Lowell:
Unachukua siku zote za mwaka husika ulizokaa Marekani, unajumlisha theluthi ya siku za mwaka uliotangulia, kisha sudusi ya siku za mwaka wa kabla ya huo. Jumla ikifika 183, na mwaka husika ukiwa na siku 31 au zaidi, wewe ni mkazi kwa mambo ya kodi, hata kama idara ya uhamiaji inakuita mgeni. Kuanzia hapo unajaza 1040 ya kawaida na kipato chako cha dunia nzima kinaingia.

Dereva wa Dallas:
Wanafunzi wanalalamika ilhali mwajiri amewakatia kodi njiani. Njooni huku kwetu tunaoendesha abiria kwa programu za simu. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani fedha zinazoingia benki ni zangu zote, mpaka Aprili ilipofika nikaambiwa kwamba mbali na kodi ya kipato nina asilimia 15.3 ya kujiajiri, kwa sababu ninalipa sehemu ya mwajiri na sehemu ya mwajiriwa. Kilichoniokoa ni daftari la maili, ambalo mke wangu alinilazimisha kuliandika kila jioni. Kwa mwaka 2025 kila maili ya kazi inapunguza kipato kwa senti 70, na gari la abiria huenda maili nyingi sana. Kodi nayo hailipwi mara moja kwa mwaka: kuna malipo ya makadirio katikati ya Aprili, Juni na Septemba, na tena Januari inayofuata. Anayetaka nafuu zaidi ahamie Texas, maana jimbo halitozi kodi ya mapato.

Nyota ya Lamu (Georgia):
Kaka Dereva, mwambie pia kodi ya kumiliki nyumba huko Texas ni kiasi gani kabla hajafunga mizigo.

Dereva wa Dallas:
Mimi ninapanga.

Mtoto wa Makorora (Maryland):
Nina grini kadi, na mke wangu yuko Tanga akisubiri viza. Mmoja ameniambia nijaze kama mtu aliyeoa anayewasilisha peke yake, mwingine ameniambia tunaweza kuwasilisha pamoja ijapokuwa hajawahi kukanyaga Marekani. Nani yuko sahihi?

Mzee wa Maryland:
Jirani yangu, wote wawili wako sahihi, na kuchagua ni juu yenu. Mnaweza kuamua kwa maandishi, kwa saini zenu wote, kwamba mkeo ahesabiwe kuwa mkazi kwa ajili ya kodi. Hapo makato ya kawaida ya mwaka 2025 yanakuwa dola 31,500 badala ya 15,750. Atahitaji ITIN, namba ya kodi ya asiyeweza kupata ya Social Security, inayoombwa kwa fomu W-7 pamoja na pasipoti yake halisi au nakala iliyothibitishwa na mamlaka iliyoitoa. Lakini kumbuka kwamba akihesabiwa mkazi, na kipato chake cha Tanga kinaingia katika ritani yenu. Kama ana duka, kaeni mpige hesabu kwanza.

Simba wa Mitaani (Kansas):
Mnajitesa bure. Waandikeni wote: mke, watoto wa dada walioko Mwanza, mama mzazi, hata mbuzi wa nyumbani. Rafiki yangu alijaziwa hivyo akapata marejesho ya kununulia gari.

Muuguzi wa Lowell:
Tafadhali usiwapotoshe watu. Tegemezi ambaye si raia wala si mkazi wa Marekani haruhusiwi, isipokuwa anaishi Kanada au Meksiko. Mwanza haipo katika orodha hiyo.

Mama wa Uvira (Louisville):
Nilikuwa ninasoma tu, lakini maneno ya Simba yamenitoa kimya. Sisi tulipokelewa hapa Kentucky tukitokea kambi ya Nyarugusu. Miaka ya mwanzo kulikuwa na mtu mmoja aliyejua lugha yetu na ambaye alikuwa akituandikia ritani baada ya ibada, meza moja baada ya nyingine, naye akichukua sehemu ya marejesho yetu. Alipiga picha kadi za Social Security za watoto wetu wote. Hatukujua kwamba anayelipwa kwa kazi hiyo anapaswa kutia saini yake na namba yake ya usajili. Karatasi zetu zilionyesha kana kwamba tumejijazia wenyewe.

Baadaye binti yetu mkubwa akasikia shuleni kuhusu watu wa kujitolea wa VITA, wanaojaza ritani bila malipo kwa wenye kipato cha chini, tukaenda kwao mimi na baba watoto. Yule kijana alitujazia vizuri, akaituma kwa kompyuta, na haikupita muda mrefu ikarudi imekataliwa. Namba ya mtoto wetu wa mwisho ilikuwa imekwisha kutumika katika ritani ya mtu mwingine. Kijana aliuliza kwa upole, kama kazi yake inavyomtaka, iwapo mtoto huyo ana mzazi mwingine anayeishi nyumba nyingine. Baba watoto alikuwa ameketi kando yangu. Aligeuka akanitazama, na ijapokuwa hakusema neno, ninawaambia sijawahi kupita saa nzito kama ile, hata njiani tulipokuwa tukivuka ziwa.

Tulichapisha ritani kwenye karatasi tukaipeleka kwa posta. Baada ya miezi kadhaa ilikuja barua ya CP87A kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inayosema kwamba mtu mwingine amemdai mtoto yule yule, na kwamba aliyekosea arekebishe ritani yake. Sisi tulikusanya barua ya shule yenye anwani yetu, kumbukumbu za kliniki na mkataba wa nyumba, tukaziweka tayari. Kumbe barua kama hiyo ilifika pia kwa mama mmoja niliyekuwa nikisalimiana naye kila Jumapili. Alikuja nyumbani kwangu akilia. Yule mtu alikuwa amemwambia kwamba atamwongezea mtoto ili marejesho yakue, na hakumwambia mtoto huyo ni wa nani. Alitakiwa kurudisha fedha alizokwisha kuzituma kijijini, tena akazuiwa kudai nafuu ya watoto kwa miaka miwili.

Dereva wa Dallas:
Mama, pole sana. Je, baba watoto alituliaje?

Nyota ya Lamu (Georgia):
Na huyo mtu bado anajaza ritani za watu?

Simba wa Mitaani (Kansas):
Mtaje jina tumjue.

Mama wa Uvira (Louisville):
Simtaji. Ana watoto wanaosoma na wangu. Baba watoto alitulia barua ilipofika, akaniomba radhi kwa jambo ambalo hakuwahi kulitamka.

Mjazaji Halali (Minnesota):
Nimesikitika, lakini ninaomba msituweke wote katika kapu moja. Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi, nina namba yangu ya usajili, PTIN, ninatia saini kila ritani, na nimewahi kufukuza wateja waliotaka niwaongezee watoto. Wengine wenu ndio mnaotutafuta kwa swali moja tu: utanipatia kiasi gani? Mkitajiwa kiasi cha haki mnahamia kwa jirani anayeahidi zaidi.

Muuguzi wa Lowell:
Hilo ni kweli kwa Simba, si kwa Mama wa Uvira. Yeye hakuuliza kiasi. Alikuwa na kadi mkononi na lugha asiyoijua mbele yake.

Mjazaji Halali (Minnesota):
Sikumsema yeye, dada. Nilisema wengine. Kwa huyo aliyewafanyia hivyo kuna fomu 14157 ya kumlalamikia mjazaji. Ijazeni, hata kama hamtaki kumtaja hapa.

Simba wa Mitaani (Kansas):
Basi nimeelewa, mbuzi ninamwondoa. Lakini nyumba yangu ya kupangisha ya Kitengela hakuna Mmarekani anayeijua.

Mzee wa Maryland:
Kijana wangu, benki inayopokea kodi hiyo ya pango inakujua. Tangu sheria ya FATCA ya mwaka 2010, benki nyingi za nje huuliza wateja wao kama ni walipa kodi wa Marekani na kutoa taarifa. Kwa mkazi, pango la Kitengela ni kipato cha kutajwa. Akaunti ni jambo la pili: jumla ya akaunti zako zote za nje ikipita dola 10,000 hata kwa siku moja ya mwaka, unapaswa kuwasilisha ripoti ya FBAR, ambayo haiendi pamoja na ritani bali kwa FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha kinachofuatilia uhalifu wa fedha. Ripoti hiyo haina kodi ya kulipa, ila adhabu ya kutoiwasilisha ni kubwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Bittner, mfanyabiashara mwenye asili ya Romania, ambaye serikali ilimdai dola milioni 2.72 kwa kuhesabu kila akaunti. Mahakama ikasema adhabu ya asiyekusudia ihesabiwe kwa ripoti, ikashuka hadi dola 50,000. Hata hiyo iliyoshuka mimi sina.

Nyota ya Lamu (Georgia):
Shikamoo mzee. Na salio la M-Pesa?

Mzee wa Maryland:
Marahaba. Mimi huliandika pamoja na la Sacco.

Mjazaji Halali (Minnesota):
Kuhusu M-Pesa wataalamu wenyewe hawajakubaliana, ila kuliandika hakugharimu chochote.

Simba wa Mitaani (Kansas):
Mnataka nijikamatishe mwenyewe.

Muuguzi wa Lowell:
Siku utakapojaza N-400 kuomba uraia utaulizwa kama una deni la kodi na kama kuna mwaka ambao ulipaswa kuwasilisha ritani hukuwasilisha. Utajibu kwa kiapo.

Mpwa wa Iringa (Ohio):
Naona swali langu limezama, lakini nimejifunza mengi. Kuna rafiki yangu mwanafunzi ambaye hakufanya kazi yoyote mwaka 2025 na anasema haimhusu. Je, ni kweli?

Muuguzi wa Lowell:
Inamhusu. Asiyekuwa na kipato hujaza fomu 8843 peke yake, kueleza kwa nini siku zake zisihesabiwe, na ana muda hadi tarehe 15 Juni. Wewe mwenye mshahara unaiambatisha kwenye 1040-NR, na siku yako ya mwisho ni tarehe 15 Aprili. Ukichelewa, fomu 4868 inakupa hadi tarehe 15 Oktoba kuwasilisha, lakini haikupi muda wa kulipa. Waonye pia wanafunzi wenzako wasije wakatumia zile programu za matangazo ya televisheni: nyingi hujaza 1040 ya wakazi tu, nao watalazimika kurekebisha kwa 1040-X.

Mama wa Uvira (Louisville):
Nami nina swali. Kijana wa VITA alinitajia namba ya siri ya kumlinda mtoto. Inaombwaje?

Mjazaji Halali (Minnesota):
Inaitwa IP PIN, ina tarakimu sita na hubadilika kila mwaka. Mtu mzima anaweza kuipata kwa akaunti yake ya mtandaoni ya IRS. Kwa mtoto, mzazi anajaza fomu 15227 au anakwenda mwenyewe ofisini na vitambulisho. Mtoto akiwa na namba hiyo, ritani ya kompyuta inayomtaja bila kuionyesha inakataliwa. Iombe pia kwa ajili yako: siku hizi mwenye ritani akiwa nayo, yake inapokelewa kwa kompyuta hata kama mtoto amekwisha kudaiwa na mwingine.

Mama wa Uvira (Louisville):
Asante. Tuna watoto watano, tutakwenda ofisini na kadi zao zote. Je, baba watoto anaweza kwenda bila mimi? Zamu yangu kiwandani ni ya mchana.

Mjazaji Halali (Minnesota):
Anaweza, mradi abebe vyeti vyao vya kuzaliwa au hati nyingine zinazoonyesha kwamba yeye ni mzazi wao. Apige simu kwanza aweke miadi.