Wasafirishaji wa boti, tumbo la faiba siyo bodi ya daladala!

Wakuu, nina hasira hata chai haipiti.

Boti yangu ya faiba imetoka Dar kuja Mwanza juu ya tela. Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, lami mwanzo mwisho, kilomita zaidi ya 1,000. Tunaishusha mwaloni, tumbo lote mistari. Pembeni ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, kuna mfereji, ukipitisha ukucha unazama, na nyuzi za faiba zinachungulia.

Nikainama kuangalia tela lenyewe. Mbao za kulalia boti zimevalishwa zulia lililolika mpaka vichwa vya boliti vimetokeza, vinang'aa kwa kusugua mali za watu. Zulia lililobaki limejaa mchanga, huo ni msasa tosha. Mikanda imelegea, imekatiza ukingoni bila hata kipande cha gunia chini yake. Kumbe boti ilikuwa inacheza njia nzima!

Namuuliza dereva, ananijibu, "Bosi, hiyo rangi tu, paka puti."

Rangi gani? Boti hii haijawahi kupakwa rangi. Ile ngozi ya nje ni jelikoti, unene wake nusu milimita hivi, na ndiyo inayozuia maji. Ikichanika, maji yanapenya kwenye nyuzi, na boti inayolala majini itakuja kuota malengelenge. Puti ya gari nayo inanyonya maji. Ukiipaka sehemu inayozama, kazi utairudia.

Sasa angalieni mzigo nilioachiwa. Kuosha, kufuta nta na grisi kwa asetoni kabla msasa haujagusa kitu, maana ukianza na msasa unaishindilia nta ndani. Palipofika kwenye nyuzi, kwanza resini, ile gundi ya faiba, na kipande cha mati, yaani mkeka wa nyuzi za faiba. Mikwaruzo mingine ninaipanua mdomo ili jelikoti ishike, najaza ipite usawa kidogo, nafunika na nailoni kwa sababu ikipigwa na hewa juu inabaki kunata. Hadina, dawa ya kuigandisha, asilimia 2 basi. Halafu msasa wa maji 400, 600, 1000, polishi. Na rangi kufanana na ile iliyokwisha pigwa jua, hiyo sahauni.

Yote haya kwa boliti ambazo zingezamishwa ndani ya mbao! Zulia jipya, mbao zimwagiwe maji mchanga utoke, mnyororo kwenye pete ya omo (mbele), mkanda wa tezi (nyuma) ukazwe, mpira chini ya kila mkanda. Ukifika Morogoro shuka ukague, mikanda hulegea. Hela ngapi hapo?

Nauli iliyobaki silipi mpaka anitengenezee. Ananitishia polisi, aende tu, picha za boliti ninazo.

Kuna anayejua nani anauza jelikoti ya kopo hapa Mwanza, siyo ile ya kupimiwa kwenye chupa za maji? Aseme, na bei aweke hapa hapa, PM sitaki.