Naomba ushauri: santuri za Woodstock zimeota ukungu

Habari zenu wakuu. Marehemu baba mdogo aliniachia albamu ya Woodstock, lile tamasha la muziki la Marekani, ile ya mwaka 1970 yenye santuri tatu. Nimeikuta kwenye sanduku lililonyeshewa. Ukungu mweupe umejaa kwenye mistari, na sindano ikifika kwa mpiga gitaa Jimi Hendrix inaruka. Inaniuma, maana ndiye aliyefunga tamasha, Jumatatu asubuhi, 18 Agosti 1969, umati ukiwa umeshapungua sana. Joan Baez, aliyeimba akiwa mjamzito huku mumewe yuko gerezani kwa kukataa kwenda vita vya Vietnam, bado anasikika safi.

Je, nizioshe kwa maji yenye sabuni au nitumie spiriti? Naogopa kuziharibu, na nataka wanangu wazisikie.