Tupeane uzoefu: Ulipohama Mombasa kwenda ng'ambo ulibeba nini, na ulijutia nini?

Bint wa Kibokoni (mwanzilishi)

Asalaam alaikum ndugu zangu. Mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka sita tunahamia Canada mwisho wa mwezi ujao. Tiketi zetu zinampa kila mmoja mabegi mawili ya kilo 23, jumla kilo 138. Nilipopiga hesabu mara ya kwanza niliona ni nyingi, hata hatutazijaza. Jana baada ya Isha nikatoa vitu kabatini nikavitandaza ukumbini, na kabla ya saa nne mkeka ulikuwa hauonekani tena.

Kilichonileta hapa ni mbuzi ya kukunia nazi. Mamangu ameniletea yake mwenyewe, ile ya kukunja, ambayo ubao wake umelika katikati kwa kukaliwa miaka na miaka mpaka umekuwa laini kama umepakwa mafuta. Aliiweka juu ya nguo zangu akaenda zake jikoni, hakusema neno. Nimeipima: kilo mbili na nusu. Mume wangu anasema tui la kopo liko kila duka huko. Ni kweli, najua. Lakini nimeshindwa kuitoa, na nimeshindwa kufunga begi nayo ikiwa ndani.

Naomba waliotangulia mniambie mlichobeba, mlichokiacha mkakililia, na mlichokibeba mkaja kukitupa. Tafadhalini mtaje na nchi mliyokwenda, maana naona sheria hazifanani.

Muuguzi wa Tudor

Waaleikum salaam dada. Mimi niko Uingereza tangu 2022. Nilikuja na wale wauguzi walioondoka baada ya Kenya na Uingereza kutia saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021. Nilikuwa na begi moja tu la kilo 23 na la mkononi.

Kosa langu lilikuwa baridi. Nilivyoiogopa! Nilikwenda Kongowea kwa mitumba nikachagua makoti manne mazito, yakala nusu ya begi. Nilipofika nikaona mtu huvaa koti moja tu, lile lile, kuanzia Novemba mpaka Machi, na linalozuia mvua na upepo linakufaa zaidi ya lile zito. Soksi nene na nguo za ndani za kubana zapatikana huku kwa bei nafuu kuliko ulivyodhani. Makoti matatu niliyagawa kwa wenzangu.

Kitu nilichokililia ni madera. Nilileta moja tu, nikidhani sitakuwa na pa kulivaa. Kumbe ndani ya nyumba kuna hita, ukirudi kazini unavua yale mazito yote na unataka dera lako ukae kitako kama kwenu. Dera ni jepesi, halina mikunjo ya kupiga pasi, na matano yanakaa mahali pa koti moja. Nilimwagiza shangazi aniletee mengine alipokuja mwaka uliofuata.

Jambo la pili silisemi kwa kukutisha. Begi langu lilichelewa siku nne. Vyeti vya chuo, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na karatasi za chanjo nilikuwa nazo mkononi, ndani ya faili la plastiki, na kesho yake asubuhi nilitakiwa nizionyeshe kazini. Sare ilikuwa katika begi lililopotea, niliazimwa. Sare inaazimwa, cheti hakiazimwi. Usikubali mtu akuambie faili lile ni zito kwa mkononi ulitie kwenye begi kubwa.

Baba Mapacha

Nyongeza ya vitu vya umeme, na dada hii inakuhusu moja kwa moja. Kenya umeme wa nyumbani ni volti 240. Uingereza ni 230 na plagi ni ile ile yetu ya pini tatu za mraba, kwa hivyo Muuguzi angebeba pasi ingefanya kazi bila taabu. Marekani na Canada ni volti 120 na plagi ni nyingine kabisa.

Mimi nilipokwenda Marekani nilibeba pasi na blenda tuliyopewa siku ya harusi. Nikanunua kiunganishi cha plagi nikaona mambo yamekwisha. Kiunganishi kinabadilisha pini tu, hakibadilishi umeme. Pasi ikipata nusu ya volti hutoa robo tu ya moto wake. Unapiga shati mpaka mkono unachoka, na mikunjo iko pale pale. Blenda ilizunguka kwa uvivu haisagi hata nyanya. Transifoma ya kuendesha vitu hivyo ni nzito na bei yake inashinda ya blenda mpya.

Chaja za simu na kompyuta angalia maandishi madogo mgongoni mwake. Ukiona 100-240V, beba. Betri za akiba za simu zikae begi la mkononi, haziruhusiwi kwenye mabegi yanayoingia tumboni mwa ndege.

Mtu wa Likoni

Mimi nina moja tu. Usibebe cha mtu ambacho hukukifunga mwenyewe.

Siku moja kabla ya safari yangu ya London alikuja jirani, mtu mzima ninayemheshimu, na furushi la "dawa ya miti shamba" la mwanawe. Mke wangu ndiye aliyesema tulifungue. Juu palikuwa na mwarobaini, chini miraa iliyokaushwa. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka 2014, na Canada na Marekani ni marufuku vilevile. Sidhani mzee alikuwa na nia mbaya, huenda hakujua. Lakini pale forodhani begi lina jina langu, si lake. Nilimrudishia usiku ule ule, na mpaka leo tunasalimiana kwa baridi kidogo. Afadhali hivyo.

Mjukuu wa Kasha

Nimesoma habari ya mbuzi nikakaa muda mrefu kabla ya kuandika.

Sisi tulihamia Australia na tulikodi nafasi ndani ya kontena, maana Mombasa bandari iko karibu na nilidhani itakuwa rahisi. Mzigo wa kushirikiana kontena unalipiwa kwa mita za ujazo. Nyanya alikuwa amenipa kasha, la msaji, lenye misumari ya shaba iliyopangwa kwa maua, na ndani upande wa kushoto kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko ambamo aliweka udi. Ukilifungua, harufu inakufikia kabla hujaona kitu. Nililipima: urefu mita 1.2, upana na kimo sentimita 60. Hiyo haifiki hata nusu mita ya ujazo. Nikafurahi.

Kisha mambo yakaanza kujitokeza moja baada ya jingine. Kreti ya kulisafirishia lazima iwe ya mbao zilizopashwa moto au kufukizwa dawa na kupigwa muhuri wa kimataifa, la sivyo inakataliwa bandarini. Australia nayo ni kali kwa kila kitu cha mbao, mbegu au majani makavu: utangaze, wakikague, na wakiona dalili ya wadudu kinapigwa dawa kwa gharama yako. Nilipolipindua kasha, chini ulidondoka unga mweupe laini wa mbao, kidogo tu, kama chumvi ya kunyunyiza. Nikajua kuna kitu kinalila.

Lililonimaliza ni umri wake. Rafiki yangu aliniambia nikaulize Fort Jesus kwa watu wa Makumbusho kabla ya kulipa chochote, na nawashauri nyote mfanye hivyo kama mna vitu vya zamani. Kwa Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, kitu cha kale kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 hakitoki nchini bila kibali. Milango na fremu za kunakshiwa zinalindwa pia, zile za kabla ya 1946. Kasha letu nyanya alirithi kwa nyanya yake, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe. Ningeweza kuomba kibali. Lakini nilipotoka pale kwenye jua nilijiuliza: nalitoa Mji wa Kale, ambako kila mtu akiliona analijua, nikaliweke kwenye sebule yenye zulia Perth nikaeleze wageni ni nini?

Kasha liko kwa dadangu. Nilichochukua ni kofia tatu za vito, zile za kudariziwa kwa mkono, zilizokuwa ndani yake, moja haijamalizwa kushonwa, sindano bado imechomekwa. Hazina hata uzito wa kupima.

Ila pesa niliyoitenga kwa kasha niliitumia kusafirisha makochi na kabati, na hapo ndipo majuto yangu yalipo. Mzigo ulichukua karibu miezi mitatu kufika. Makochi hayakuingia mlangoni mpaka tukaing'oa miguu, na baada ya miaka miwili tulilipa watu waje kuyachukua wakayatupe. Pesa ile ingetosha tiketi ya mamangu kuja kutuona.

Na kama kuna mtu ana kitana au bangili ya ng'amba ya bibi yake, aiache nyumbani. Kasa wote wa baharini wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Hata kama kitana kina miaka themanini, forodhani watakiona ni gamba la kasa tu.

Mama wa Watatu

Mdogo wangu wa Kibokoni, mimi niko Toronto mwaka wa nane. Nitakuambia ya Canada.

Kwanza orodha. Unapoingia kama mhamiaji unaandika vitu vyote ulivyokuja navyo, na kando yake vile vitakavyofuata baadaye, nakala mbili. Usichokiandika siku ya kwanza kikija baadaye kinaweza kutozwa ushuru. Dhahabu yako ya harusi iandike kipande kimoja kimoja na uipige picha. Dhahabu ikae mwilini au begi la mkononi. Pesa taslimu zikifika dola 10,000 za Canada unazitangaza. Ukitangaza hakuna ubaya wowote, ukificha ndio wanakuchukulia.

Chakula: usipoteze kilo kwa iliki, mdalasini wala bizari. Maduka ya Wahindi na Wasomali Scarborough yana kila kitu. Kisichopatikana ni mabuyu yetu, achari ya maembe ya mtu unayemjua, na pilipili ya kuchachua na ndimu ya nyumbani. Zitie mitungi ya plastiki, uzibe kwa tepu, uzifunge na leso, na uzitangaze. Nyama usijaribu.

Leso beba nyingi kuliko unavyodhani unahitaji. Mimi nilifungia vyombo vyote kwa leso badala ya magazeti, nikafika na jozi tisa bila kuzihesabia uzito wa peke yake. Nimejifungulia huku nazo, nimebebea mtoto, nimeswalia, nimefunika unga wa mahamri.

Mwanao mwulize mwenyewe anataka nini. Wangu wa kwanza alikuwa na miaka mitano na alikataa kuondoka bila mto wake wa sufi. Mto mzima unajaza nusu ya begi. Usiku mmoja tulikaa naye tukaufumua, sufi ikabaki kwa bibi yake, tukabeba foronya tu iliyokunjwa. Tulipofika tukaijaza pamba ya dukani. Siku mbili alisema si wenyewe. Siku ya tatu alilala.

Ndiyo maana kuhusu mbuzi nakupa wazo: mpe fundi autoe ulimi, kile chuma cha kukunia, ufunge kwenye taulo, utie begi kubwa. Kiti utachongewa huku. Nazi zipo, tena kavu, ndizo zetu za kukuna. Mumeo asikudanganye na kopo. La kopo ni la mchuzi wa siku ya kazi. Wali wa Ijumaa unataka tui lako.

Bint wa Kibokoni (mwanzilishi)

Dada Mama wa Watatu, Mungu akuweke. Nyote shukrani, nimesoma kila neno na mume wangu amesomewa kwa sauti.

Blenda na pasi nimempa jirani. Makoti ni moja kwa kila mtu, madera ni sita. Faili la vyeti liko kwenye begi la mgongoni na halitoki humo mpaka tufike. Leo nilishuka Biashara Street kutafuta leso, muuzaji aliponisikia nasafiri alinifungulia mpya ambazo hazijapangwa bado, nikachukua jozi nne juu ya zile nilizonazo. Binti yangu amechagua kifuu cha nazi anachochezea uani. Tumekisugua mpaka kimekuwa safi, nacho kimeandikwa kwenye orodha kama vitu vingine.

Wazo la ulimi nililipenda sana, nikampelekea mamangu. Alicheka kidogo, kisha akaniambia: "Ulimi nimebadilisha mara tatu, wa mwisho nimeununua Marikiti juzi juzi tu. Kiti ndicho cha nyanyako."

Mimi miaka yote nilidhani ni kinyume chake. Nilikwenda nikakikalia pale pale ukumbini, bila nazi wala bakuli, nikahisi lile bonde katikati ya ubao. Nimekaa juu yake mara ngapi nikiwa mdogo na sikuwahi kuuliza ni nani aliyelichimba.

Mbuzi inakwenda nzima, na ulimi wake umefungwa kwa taulo. Sahani za kauri za harusi, zile kumi na mbili, zimetoka. Wifi yangu anakuja kuzichukua kesho. Nimepima tena begi hilo usiku huu: kilo 22.6.